Dondoo muhimu: Saa ya bronzi ikibadilika rangi

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati au alumini. Ukinunua saa ya bronzi, mfano Tudor Black Bay Bronze ya mwaka 2016, ujue mng'ao ule wa dukani haudumu. Shaba ikikutana na hewa, jasho na chumvi hugeuka kahawia, na kwenye kona za mkanda huweza kuota kutu ya kijani. Wapo wanaoyaona mabadiliko hayo kuwa uchafu. Mimi nayapenda: kila mkono huitia saa rangi yake.

• Kahawia iache. Ni utando mwembamba unaoikinga metali iliyo chini.

• Unga wa kijani ni jambo jingine. Huchafua ngozi na mikono ya shati, basi usiulee: sugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni, kisha kausha vizuri, hasa kuzunguka kitufe cha kurekebishia majira.

• Ukiichoka rangi, vua mkanda, hakikisha kitufe kimekazwa na saa haipitishi maji, halafu sugua taratibu kwa maji ya limao na magadi soda. Suuza. Itang'aa, kisha itaanza kubadilika upya.

• Kabla ya kulipa, igeuze. Mfuniko wa nyuma uwe wa chuma cha pua au titani, usije ukakuachia alama ya kijani mkononi.

Anayetaka saa ibaki kama siku aliyoinunua, anunue ya chuma cha pua.