Wasio na Fimbo

SWALI: Mtu asiye na hata fimbo anawezaje kuilegeza serikali yenye virungu?

JIBU: Jibu lipo Uhuru Park, Nairobi. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, waliketi pale wakagoma kula, wakidai wana wao waachiwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Maathai akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, na katika mila zao hiyo ni laana, mama kumwonyesha mwana uchi wake. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa takriban mwaka mzima (wanaodhani mgomo ni kazi ya wikendi wasikie). Mapema 1993 karibu wafungwa wote waliachiwa.

Usiuite huo upole. Waliiweka serikali njia panda: iwaachie vijana, au iwapige ajuza hadharani, kamera zikitazama. Wangerusha jiwe moja tu, habari ya kesho yake ingekuwa ni jiwe.