Somo la Kuandikiana Mali na Kuitia Hati Daftarini

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha tuandikiane madeni ya muda, na tuweke mashahidi tunapouziana. Basi mwenye kuona haya kumwambia nduguye "tuandikiane", na ajue kuwa anaionea haya amri ya Mola wake.

Pwani yetu ya Kenya ilikwisha kupata funzo. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya kuwataka wenye ardhi wapeleke madai yao yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya serikali. Wako waliolima humo na kuzika wazee wao humo, wala hawakudai. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota.

Na leo je? Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, hati ya mauzo isiyosajiliwa ni mapatano tu baina ya watu wawili, milki haijahama. Muuzaji akifa, jina lililo daftarini ni lake yeye, na warithi wake watalishika. Mashahidi nao hufa.

Basi ununuapo shamba, kwanza litazame daftari katika afisi ya ardhi, ujue mwenyewe ni nani na kama limewekwa rehani. Kisha andikianeni mbele ya mashahidi. Kisha hati isajiliwe, isilale sandukuni. Asiyefanya hivi huenda akawarithisha wanawe ugomvi badala ya shamba.