Baada ya Pepa ya Biolojia: Chanjo na Kinga kwa Familia Nzima

Pepa ya Biolojia ya kidato cha nne ikiisha, wanafunzi hukusanyika nje ya geti na kuanza kuulizana. Lile swali la chanjo umelijibuje? Mimi nimeandika chanjo inaua vijidudu. Haiui, wewe, inafundisha mwili. Mabishano hayo huwafuata mpaka nyumbani, na huko yanamkuta mama anayemenya mihogo huku mtoto wa miezi minne akiwa mgongoni.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mama huyo, pamoja na baba, bibi na shangazi walio naye chini ya paa moja. Majibu ambayo wanafunzi huyakosa kwenye maswali ya kinga ni yale yale yanayosikika sana mitaani na vijijini. Mwanafunzi akikosa, hupungukiwa alama. Nyumba ikikosa, anayeumia ni mtoto ambaye hata kusema hajaanza. Kwa hiyo tuwasikilize vijana hawa wanapobishana, kisha tuone kila jibu linatutaka tufanye nini.

Chanjo inaua vijidudu?

Jibu hili limekosewa, na kosa lake lina madhara. Anayeamini kwamba chanjo ni dawa ya kuua vijidudu atangoja ugonjwa uingie ndipo aende kuitafuta. Surua ikishamtoka mtoto, chanjo haitamponya. Mwili unahitaji takriban wiki mbili kujenga kinga baada ya kuchanjwa, na kirusi cha surua hakisubiri.

Kinachowekwa ndani ya chanjo ni kijidudu kilichodhoofishwa, au kilichokufa, au sehemu yake tu. Chanjo ya surua na rubela, ya kifua kikuu na ya polio ya matone zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ile ya polio ya sindano ina virusi vilivyokufa. Chanjo ya pepopunda na dondakoo haina kijidudu chochote: ina sumu ya bakteria iliyokwisha kuondolewa makali. Seli nyeupe za damu zikikutana na mgeni huyo dhaifu zinamchunguza, zinatengeneza kingamwili zinazomfaa yeye tu, kisha baadhi ya seli hizo hubaki mwilini kwa miaka mingi zikiwa zinamkumbuka. Ni kama mtu aliyekwisha kufika mara moja nyumbani kwa mjomba wake mjini: safari ya pili haulizi njia. Kijidudu halisi kikija, mwili unatoa kingamwili haraka na kwa wingi, mara nyingi kabla mtoto hajaonyesha dalili yoyote.

Ndiyo maana aliyeandika "inafundisha mwili" alikuwa sahihi. Ndiyo maana pia kingamwili za surua hazimsaidii mtoto dhidi ya kifaduro. Kila ugonjwa una somo lake, na kadi ya kliniki ina visanduku vingi kwa sababu hiyo.

Kinga ya kupewa na kinga ya kujijengea

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na ndipo wazazi wana mengi ya kufaidika nayo. Mwalimu aliwafundisha kwamba kuna kinga ambayo mwili unajijengea wenyewe na kuna kinga ambayo mwili unaipokea ikiwa tayari. Kinga ya kujijengea hupatikana kwa kuugua au kwa kuchanjwa, huchelewa kuja, lakini hudumu. Kinga ya kupewa hufanya kazi papo hapo, kisha huisha kwa sababu mwili haukujifunza chochote.

Mtoto mchanga anaishi kwa kinga ya kupewa. Akiwa tumboni, kingamwili za mama humfikia kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Akizaliwa hupata nyingine kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano. Bado wapo wazee wanaoshauri dang'a ikamuliwe na kumwagwa kwa kuwa eti ni maziwa machafu. Bibi, kwa heshima zote, tunakuomba umwachie mjukuu wako dang'a. Hakuna duka linalouza kitu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita.

Sasa linakuja swali ambalo mama yeyote anaweza kumuuliza mwanawe aliyetoka kwenye mtihani: kama surua ni mbaya hivyo, kwa nini mtoto hachanjwi siku anayozaliwa? Jibu limo katika kinga ile ile ya mama. Kingamwili alizopewa mtoto bado zinazunguka kwenye damu yake, na kirusi dhaifu cha chanjo kikiingia zinakikamata kabla mwili wa mtoto haujapata nafasi ya kujifunza. Chanjo ingepotea bure. Kadiri miezi inavyokwenda kinga ya mama hupungua, na kufikia miezi tisa kwa watoto wengi imeshuka kiasi cha kuruhusu chanjo ifanye kazi. Lakini kushuka huko ndiko kunakomwacha mtoto wazi mbele ya ugonjwa. Miezi tisa imechaguliwa katikati ya hatari hizo mbili, na hii ndiyo sababu mhudumu wa kliniki anakusihi usiivushe tarehe hiyo kwa kungoja mavuno au safari ya baba.

Kuhusu ile dozi ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, wanafunzi wengi huandika kwamba inaongeza nguvu ya ile ya kwanza. Kazi yake kubwa ni nyingine. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi tisa, karibu 85 hupata kinga na waliobaki hawapati, pengine kwa sababu kinga ya mama bado ilikuwa kubwa. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Dozi ya pili huwapa nafasi nyingine wale ambao ya kwanza haikuwashika. Mzazi anayesema "wangu keshachanjwa, yatosha" hana njia ya kujua mwanawe yuko kundi lipi.

Chanjo ya penta, ambayo inakinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo, hutolewa mara tatu kwa sababu tofauti: dozi moja peke yake huacha kinga ndogo inayofifia upesi. Ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ukikosa tarehe kwa msiba au ugonjwa, nenda siku utakayoweza. Dozi zilizokwisha kutolewa hazifutiki, na mtoto haanzi upya. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wapo akina mama wanaoacha kabisa kurudi kliniki kwa kuogopa kufokewa. Dada muuguzi unayesoma kijitabu hiki, mpokee vizuri aliyechelewa. Amerudi.

Pepopunda

Swali la kweli au si kweli: aliyeugua pepopunda akapona ana kinga ya maisha. Wanafunzi wengi huweka "kweli", kwa sababu ndivyo ilivyo kwa surua. Kwa pepopunda si kweli. Sumu ya bakteria huyu ni kali kiasi kwamba kiwango kidogo kinachotosha kukakamaza misuli na kuua hakitoshi kuuzindua mwili utengeneze kinga. Aliyepona anatakiwa kuchanjwa kama mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo la pili kuhusu pepopunda. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wala ugonjwa wenyewe hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Hata kijiji kizima kikichanjwa, asiyechanjwa hapati ulinzi wowote kwa majirani. Mjamzito anayechanjwa anampitishia mtoto kingamwili zitakazomlinda wakati kitovu chake bado ni kidonda kibichi. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au kifaa kilichochemshwa, na kisipakwe majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe.

Majirani wanapokukinga, na wanaposhindwa

Kwa surua mambo ni kinyume. Mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na kirusi huelea hewani chumbani hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Ili kumlinda mtoto wa miezi minne ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa, karibu watu 95 kati ya 100 wanaomzunguka wanatakiwa wawe na kinga. Yule mtoto aliye mgongoni kwa mama yake analindwa na chanjo za watoto wa jirani.

Kwa chanjo ndui iliondolewa duniani. Kwenye mtihani, wakiulizwa nani alianzisha chanjo, wengi huandika jina la Louis Pasteur. Aliyetangulia ni Edward Jenner, daktari wa Uingereza, ambaye mwaka 1796 alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa mkamuaji maziwa na kumchanja nao mvulana wa miaka minane. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida hakuwa mbali na sisi. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili aonyeshe njia, na hiyo safari fupi ilitosha. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya polio nchini mwake, akiwaeleza wazazi yaliyompata. Mwaka 1980 dunia ilitangazwa kuwa huru na ndui.

Polio bado haijafika hapo. Tanzania ilikuwa na mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, ikathibitishwa kuwa huru mwaka 2015. Kisha Februari 2022 Malawi, jirani yetu, ikatangaza mtoto aliyepooza, na kirusi chake kilikuwa na asili ya Pakistani. Ndiyo sababu mwaka ule wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa matone hata watoto waliokwisha kukamilisha kadi. Wazazi waliouliza "kwani ya mwanzo ilikuwa feki?" walistahili jibu, nalo ni hili: ya mwanzo ilikuwa sawa, na matone ya ziada hayamdhuru mtoto, ila huziba matundu yaliyobaki katika jamii.

Baada ya sindano

Mtoto akichanjwa anaweza kupata homa ndogo, kulia zaidi na kuvimba mahali alipochomwa, kwa siku moja au mbili. Hizo ni dalili kwamba mwili unafanya kazi. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvue nguo nzito, mpe paracetamol kwa kipimo alichokuelekeza mhudumu. Usipake mafuta, dawa ya meno wala vitunguu kwenye kidonda. Chanjo ya kifua kikuu hutoa kipele baada ya wiki chache, hupasuka, hukauka na kuacha kovu, usikikamue. Mafua na kikohozi cha kawaida havizuii mtoto kuchanjwa. Lakini mtoto akishindwa kupumua, akivimba uso, akipata degedege au akilia bila kunyamaza kwa saa kadhaa, mrudishe kituoni bila kungoja asubuhi.

Kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14 ipo chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote Tanzania mwaka 2018 na ambayo sasa ni dozi moja. Uvumi kwamba inaua kizazi umewafikia wengi. Haiui kizazi. Saratani inayozuiwa na chanjo hiyo ndiyo inayowafanya wanawake waondolewe kizazi, na wengine wafe wakiacha watoto. Hutolewa mapema kwa sababu kinga inatakiwa iwepo kabla binti hajakutana na kirusi.

Mbwa akikuuma

Swali la mwisho walilobishania lilikuwa hili: taja hali ambayo mgonjwa anahitaji kinga ya kujijengea na kinga ya kupewa kwa pamoja. Jibu ni kuumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa. Chanjo, ambayo Pasteur aliitumia kwa binadamu mwaka 1885, inaufundisha mwili, lakini somo linachukua siku. Kwa jeraha kubwa, kingamwili zilizo tayari huchomwa kuzunguka kidonda ili zizuie kirusi wakati mwili unajifunza. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Usilifunge kwa nguvu wala kulipaka pilipili au mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukaulize kama wana chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hawana, waambie wakuelekeze inakopatikana, uende huko bila kungoja kuona mbwa atakufa au hatakufa. Kisha rudi kwa kila tarehe utakayoandikiwa, hata kama kidonda kimeshapona.