Mdogo wangu, daftari la wateja likae kwako

Mdogo wangu wa Mwanza, barua yako nimeisoma mara mbili. Umetengeneza programu ya kupokea oda za wachuuzi wa dagaa, umeimaliza kwa wiki mbili tu, kwa sababu kuhifadhi data, kuwaingiza watumiaji na kutuma ujumbe vyote unavipata bure kwa kampuni moja ya nje. Unaniuliza: "Dada, kuna ubaya?"

Kwa leo hakuna. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, maana kuhangaika na seva yako kabla hujapata mteja wa kumi ni kujitesa. Ninachokuogopea ni siku mwenye huduma atakapobadili nia.

Kulikuwa na huduma ya Marekani iitwayo Parse, iliyofanya kazi hizo hizo unazozifurahia. Mwaka 2013 Facebook wakainunua, na wengi wakatulia wakijua mwenye nyumba sasa ni tajiri. Januari 2016 Facebook hao hao wakatangaza kuifunga, na Januari 2017 ikazimwa. Nawapa haki yao: walitoa mwaka mzima, wakatoa zana za kuhamishia data, na programu ya seva wakaiachia huru ili anayetaka aiendeshe kwake. Pamoja na hisani yote hiyo, kila aliyetaka kubaki hai alilazimika kuweka kazi zake kando na kuhama. Na watumiaji ambao hawakusasisha programu kwenye simu zao walibaki wakibisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Christian Selig wa Canada hakupewa hata huo mwaka. Alikuwa na Apollo, programu ya kusomea Reddit, na watu waliipenda kwelikweli. Mwaka 2023 Reddit wakaweka bei kwenye API yao, yaani mlango ambao programu za nje hupitia kuchota data. Selig akapiga hesabu, ikamjia kama dola milioni 20 kwa mwaka, na alikuwa na siku 30 hivi za kujipanga. Tarehe 30 Juni Apollo ikafungwa. Kazi yake haikuwa na kasoro. Mlango haukuwa wake, basi.

Mimi yalinikuta kwa njia ndogo zaidi, na bado yaliniuma. Daftari la michango la kikoba chetu nililiweka kwenye huduma ya kulipia kwa kadi. Kadi ikaisha muda wake. Onyo likatumwa, lakini kwenye barua pepe ya kijana aliyefungua akaunti, ambaye alishahama kikundi. Tulipogundua, akaunti ilikuwa imefutwa. Kina mama thelathini walikaa siku mbili wakikumbushana nani alitoa kiasi gani, na wawili mpaka leo hawajaelewana.

Kwa hiyo azima, ila uijue nguo ya kuazima. Akaunti isajiliwe kwa barua pepe ya biashara, na watu wawili wawe na funguo. Majina, namba za simu na oda za wachuuzi uzitoe kila wiki, katika muundo wa kawaida kama CSV, uziweke mahali pasipokuwa chini ya kampuni hiyo, pafungwe vizuri maana ni siri za watu. Maneno ya siri nayo uyaulizie mapema: je, ukihama yatatoka yakiwa yamefumbwa, au kila mchuuzi atalazimika kuweka jipya? Swali hili wengi hulikumbuka wakiwa tayari mlangoni na mizigo. Na ndani ya programu yako, maagizo yote yanayozungumza na huduma hiyo yakusanye sehemu moja. Ukiyatawanya kila ukurasa, kuhama kwako kutakuwa kuandika upya.

Halafu kuna bei. Huduma hizi nyingi hutoza kwa dola, nawe unapokea shilingi. Piga hesabu leo ya siku utakapokuwa na wachuuzi mia tano, usingoje ankara ikufundishe.

Jumamosi hii nakuomba ufanye jambo moja: chukua nakala ya data yako, uifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, uone kama oda za wiki iliyopita zinasomeka. Ukikwama, niandikie umekwamia wapi.