ELIMU YA AFYA: SARATANI YA KICHWA NA SHINGO INAPORUDI, JE, MIONZI YAWEZA KURUDIWA?

Mgonjwa aliyemaliza tiba ya mionzi kwa saratani ya mdomo au koo huweza kuishi salama kwa miezi au miaka, kisha siku moja akagusa uvimbe mpya mahali palepale. Swali linalomjia yeye na jamaa zake ni hili: je, mionzi yaweza kutolewa mara ya pili?

Yawezekana kwa baadhi ya wagonjwa, si kwa wote. Katika tiba ya kwanza, mgonjwa kwa kawaida hupokea jumla ya grei 70 hivi, zikigawanywa kidogo kidogo kwa wiki 7. Dozi hiyo huua seli za saratani, lakini hugusa pia sehemu za jirani zisizo na ugonjwa. Sehemu hizo hupata nafuu, ila hazirudii nguvu zake zote. Dozi ya pili yaweza kuua mfupa wa taya, kuzuia kumeza, na mara chache kupasua mshipa mkubwa wa damu shingoni.

Kwa sababu hiyo, madaktari hutazama kwanza kama uvimbe waweza kuondolewa kwa upasuaji. Isipowezekana, hupima muda uliopita tangu tiba ya kwanza, ambao kwa kawaida hutakiwa kuzidi miezi 6; ukubwa wa uvimbe; nguvu za mgonjwa; na dozi aliyokwisha kupokea, pamoja na mahali ilipoelekezwa. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama lengo ni kuponya au kupunguza maumivu. Pale ambapo mionzi haifai, zipo dawa na tiba shufaa.

Hesabu ya dozi haifanywi kwa kukisia. Aliyetibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, atunze kadi, namba ya jalada na muhtasari wa matibabu yake, na ndugu mmoja ajue vilipowekwa.

Wananchi wanashauriwa kwamba kidonda cha mdomoni, uvimbe wa shingoni au sauti ya kukwaruza ikidumu zaidi ya wiki 3, wafike zahanati au kituo cha afya wapewe rufaa. Aliyewahi kutibiwa asingoje siku ya kliniki. Uvimbe mdogo humwachia daktari njia nyingi. Uliokua humwachia chache.