Deni ya Nyumbani: Namna ya Kuilipa Bila Kupoteza Mbegu na Bila Kuchoka Roho



Katika masomo ya mbele tulisemea mbegu nzuri, mistari na mbolea. Leo tunasemea jambo lenye halionekane ku shamba, lakini linakula mavuno kuliko panya: deni ya nyumbani. Tukitembelea vikundi vya Kivu tumeona jamaa zenye zinalima vizuri na kuvuna vizuri, kisha magunia yanatoka ku shamba na kwenda moja kwa moja ku nyumba ya mkopeshaji. Mwezi wa pili jamaa inakopa tena, juu hata mbegu iliuzwa. Kosa letu sisi tunalikubali: tulifundisha namna ya kuvuna mingi, hatukuuliza mavuno ni ya nani.

1. Andika deni zote, hata ile ya haya

Kamata kaye na biki. Mume na bibi wakae pamoja, magaribi, watoto wakiisha kulala. Kila mumoja aseme deni zake zote. Hapa kuna ugumu, juu wengi wanafichana. Baba alikopa juu ya matanga, mama alikopa ku butiki juu ya sabuni na mafuta, na hakuna mwenye kumuambia mwenzake. Mutu asimlaumu mwenzake siku ile. Mukianza na ugomvi, kaye itafungwa na haitafunguliwa tena.

Tuchukue mfano wa jamaa moja yenye watoto 5. Ni mfano tu, bei ya kwenu munaijua ninyi:

- Banque Lambert: dola 100, faida dola 20 kila mwezi.
- Muchuuzi: alinunua kilo 100 za maharagi zingali ku shamba mwezi wa 10, franka 1 000 kwa kilo. Anazingojea ku mavuno.
- Masomo ya sekondari: franka 150 000.
- Butiki: franka 60 000, bila faida.
- Shemeji: dola 80, bila faida.

2. Tafuta deni yenye inazaa

Deni zote hazifanane. Ya shemeji inalala. Ya Lambert inazaa kila mwezi. Jamaa hii ikitoa faida tu, kisha miezi 5 imekwisha kutoa dola 100, na deni ingali dola 100 vilevile. Mutu anasema «ninalipa kila mwezi», na ni kweli analipa, lakini hatoke fasi moja.

Maharagi yenye iliuzwa ingali ku shamba nayo ina faida yenye imejificha. Kama ku mavuno kilo inafika franka 1 600, jamaa imepoteza franka 600 kwa kila kilo. Kwa kilo 100 ni franka 60 000, kwa miezi 3 tu. Hakuna mutu aliyetaja neno faida, lakini faida ilikuwa pale.

Tena angalia deni ya dola. Sisi tunauza kwa franka. Kama siku ya kukopa dola moja ni franka 2 500, dola 100 ni franka 250 000. Dola ikipanda mpaka 2 800, ni franka 280 000. Unatafuta franka 30 000 ya zaidi na haukukula kitu. Kama unaweza, kopa kwa feza yenye unauzia.

Kwa hiyo mupango ni hivi: kwanza deni yenye inazaa. Ikiisha, kamata ile iliyo ndogo kuliko zote, juu kumaliza deni moja kunatia nguvu ya kuanza nyingine. Kwa zile zingine, usikimbie wenyewe. Uende ku shule na ku butiki, useme: «Tuko na deni yenu, hatujaisahau, tutaleta kiasi hiki kila siku ya soko.» Mutu anakasirikia kimya kuliko deni.

3. Kubadilisha deni mbaya na deni nafuu

Wengi kati yenu muko ndani ya AVEC, kile kikundi cha kisanduku na kufuli 3. Katika AVEC nyingi memba anaweza kukopa mpaka mara 3 ya akiba yake. Mutu mwenye akiba ya dola 35 ao franka za kiasi hicho anaweza kupata dola 100. Tuseme faida ni 5 kwa 100 kila mwezi, kwa feza yenye inabaki. Jamaa yetu inakopa, inamaliza Lambert yote, kisha inaendelea kutoa zile dola 20 ilizozoea kutoa. Mwezi wa kwanza dola 5 ni faida, dola 15 zinapunguza deni. Mwezi wa 6 deni imekwisha. Na ile faida inarudi kwa wanamemba siku ya kugawanya.

Angalisho 3. Kwanza, uliza komite kama sheria yenu inaruhusu miezi 6, maana vikundi vingine vinaruhusu 3 tu. Pili, wambie ukweli wa feza ile ni ya nini. Tatu, siku ya kumaliza Lambert uende na mushahidi, mupate karatasi yenye sahihi, na urudishiwe kila kitu ulichoweka rehani, kama karte ya uchaguzi ao karatasi ya shamba. Deni iliyolipwa bila karatasi inaweza kuamka.

Kama hauko na AVEC, uliza mkopeshaji kama anakubali mtaji kidogo kidogo. Wengi wanakataa. Basi weka feza kwa mutu mwaminifu mpaka ifike. Usiiache chini ya kitanda.

4. Gawanya mavuno mbele magunia yatoke nyumbani

Siku ya kupepeta maharagi, toa kwanza mbegu ya sezoni inayofuata, uifunge kando. Ya pili ni chakula cha nyumbani. Ya tatu ni deni. Ya ine ni kidogo ya ugonjwa. Wengine wanatushangaa: «Mbona deni si ya kwanza?» Ni juu mutu mwenye kulipa na mbegu analipa leo na kukopa kesho. Na mwenye hana hata kidogo cha malaria ya mutoto atarudi kwa Lambert usiku uleule.

5. Roho inachoka katikati ya njia

Mavuno ni mara 2 kwa mwaka, kule mwezi wa 12 ao wa 1, na mwezi wa 6 ao wa 7. Deni haingoje. Kati ya mavuno na mavuno njo roho inachoka. Mutu anasema: «Deni ni kubwa, acha ninunue nyama, kesho itajijua.» Hatumcheki. Kulipa kitu chenye hauoni kikipungua ni kazi ngumu.

Kwa hiyo fanya kionekane. Dola 20 kwa mwezi ni kama dola 5 kwa juma. Kwa miezi 6, chora vyumba 24 vidogo ku ukuta kwa makaa. Kila juma ukitoa dola 5, paka chumba kimoja. Watoto watahesabu pamoja nanyi, na watajua sababu viatu vipya vinangoja. Zile dola 5 zitafutwe kwa vitu vidogo vyenye vinauzwa kila soko: lengalenga, sombe, mayai, sungura.

Juma moja ikipita bila kitu, chumba kibaki cheupe. Usifute mistari yote. Juma linalofuata endelea. Na kila vyumba 6, jamaa ikule vizuri siku moja, samaki ao kuku wa nyumbani, bila kukopa. Si kupoteza feza, ni kupumzika njiani.

Wahenga walisema: dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaongeza: kuilipa ukiwa na mbegu ndani ya nyumba.

Maulizo ya kuzungumza ku mukutano

1. Kwenu, kilo ya maharagi yenye kuuzwa ingali ku shamba inapoteza franka ngapi?
2. Koperative inaweza kufanya nini ili memba asiuze mavuno mbele ya wakati? Akiba ya mbegu? Kuuza pamoja?
3. Ni nani kati yetu alimaliza deni kubwa? Akipenda, atuambie ilikuwa namna gani.

Mukisha kuzungumza, kila jamaa irudi nyumbani na kaye yake. Ukurasa wa kwanza uandikwe juma hili.