Dondoo Muhimu: Saa na Tarehe Katika Barua za Mwaliko

Katibu uandaaye barua nyingi kwa Word, ukitwaa nyakati kutoka jedwali la Excel, zingatia haya:

• Kwa kuwa Excel huhifadhi saa kama sehemu ya siku, hata adhuhuri ikawa 0.5, na umbo ulilolipanga humo aghalabu halivuki hadi baruani, bonyeza Alt+F9 katika Word, kisha baada ya jina la uga, ndani ya mabano yake, ongeza \@ "HH:mm".

• Katika Word, M kubwa ni mwezi, m ndogo ni dakika.

• Tarehe na saa zilizo katika safu mbalimbali ziunganishe kwanza katika Excel: =TEXT(A2,"dd/mm/yyyy")&" "&TEXT(B2,"hh:mm").

• Mashine haifahamu hesabu yetu ya saa: 08:00 ni saa mbili asubuhi.

Hakiki barua moja kabla ya kuzichapa zote.